Kadi ya Maji

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa ofisi waliniandalia chai na mandazi, wakanipa saa ya ukutani, na mmoja wao akaniomba niandike kidogo jinsi kazi yetu ilivyokuwa mwanzo, kabla ya mashine. Nilimjibu kwamba mimi niliishia darasa la nne, na kwamba maisha yangu yote nimeandika maneno ya watu wengine, neno moja kwa kadi moja. Akasema, "Basi mzee, andika kama unavyojaza kadi." Nimejaribu. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwaje. Hayo yako kwenye faili, na hayamfurahishi mtu. Nitaeleza miaka ya hamsini, hasa habari ya sanduku moja ambalo bado liko kwenye rafu ya chini, na kadi iliyomo ndani yake ambayo jina la mahali limekatwa na kuandikwa jingine. Nyinyi mnapenda usafi. Naogopa siku moja mtaisafisha.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kiwanda kidogo cha uchapaji, karibu na stesheni ya Nakuru. Ukifungua dirisha, vumbi jeupe la ziwani liliingia na kukaa juu ya karatasi. Ukilifunga, harufu ya wino ilikutoa machozi. Tulichagua vumbi. Kazi yetu ilikuwa kukusanya maneno ya lahaja za Kiluhya na za Kikalenjin, kuyalinganisha, na kuyatuma Nairobi, ambako kamati ingeamua vitabu vya kwanza vya shule viandikwe kwa maneno ya nani. Hatukuhitaji kwenda mbali. Wazungu wa mashamba walikuwa wameleta wafanyakazi kutoka kila pembe ya magharibi, na Mmaragoli, mtu wa Wanga na Mbukusu uliwakuta Njoro au Molo, nyumba tatu kwenye laini moja ya wafanyakazi, wakiazimana chumvi na kuchekana matamshi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Pendse, Mhindi wa Kimarathi, mwembamba, ambaye kabla ya hapo alikuwa karani wa mizigo wa reli. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alitandaza karatasi mbili kubwa mezani, zimechorwa safu safu, zilizoachwa na yule aliyeanzisha ofisi ili makarani wajifunzie.

"Hii lugha yangu, Kimarathi," akasema. "Hii ingine ya watu wa mlimani, mbali sana. Kikurdi. Mimi sijaona Mkurdi hata moja. Wewe angalia tu."

Niliangalia asubuhi nzima. Kwenye karatasi ya Kimarathi kulikuwa na maneno ya pwani ya Konkan, ya mji wa Pune, na ya Varhad huko mashariki. Yalitofautiana, lakini alinionyesha kwa penseli jinsi yote yalivyoinamia Pune, kwa sababu vitabu vilichapwa huko, na mtu wa Varhad akishika kalamu huona haya kuandika anavyoongea. Karatasi ya Kikurdi haikuwa hivyo. Watu wa kaskazini walikuwa na yao, wa kusini yao, na hakuna aliyemwinamia mwenzake. Hata herufi ziliachana: upande mmoja kama hizi zetu, upande wa pili za Kiarabu.

"Sasa," akaniuliza, "hii Luhya yenu iko kama mimi, ama iko kama mlima?"

Nilimwambia sijui, ila Kimaragoli chetu ndicho sahihi na hao wengine wanakosea.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Siku ya kwanza kila mtu nasema hivyo. Hata mama yangu nasema hivyo."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na cha stesheni, na mwanzoni nilikuwa nikiona haya kwa niaba yake. Baada ya mwaka mmoja wa kazi ile niliacha kuona haya kwa niaba ya mtu yeyote anayeongea.

Vifaa vyetu vilikuwa kikapu, kadi na kalamu ya kuchovya. Ndani ya kikapu mlikuwa na vitu: unyoya wa kuku, kibuyu, kigae cha chungu, mpini wa jembe, jiwe dogo la kusagia, konzi ya wimbi, chupa ya maji, na vingine vingi. Sheria ya kwanza ya Bwana Pendse ilikuwa kuonyesha kitu bila kukitaja, maana ukitaja neno lako, mtu mwenye adabu atakurudishia hilo hilo. Ya pili, andika ulichosikia, hata ukiamini ni kosa. Ya tatu, usimjibie mtu. Kwenye pembe ya kadi uliandika jina la msemaji na mahali anapotoka. Na aliyekaa mbali na kwao zaidi ya miaka mitatu hukumwuliza kabisa, kwa sababu, alivyosema Bwana Pendse, mdomo wake umeshakula kwa watu.

Meza ya pili ilikuwa ya arap Rono, aliyeshughulikia Kikalenjin. Alikuwa mtu wa maneno.

"Agesa," aliniambia siku moja nikipanga kadi za kuku, "nyinyi kuku mmoja mnamgawia majina kumi. Mnamla saa ngapi?"

"Tunamla tukibishana."

"Na anapoa."

Na kweli kadi zilikuwa nyingi: ingoko, ingokho, engokho, na zaidi. Tulizitandaza sakafuni kwa mstari, kuanzia Maragoli mpaka Bukusu, tukatembea kando yake bila viatu. Nilikuwa nikitafuta ua, mahali ambapo lahaja moja inaisha na nyingine inaanza. Sikuuona. Neno lilibadilika kidogo hapa, kidogo pale, na ulipofika mwisho wa chumba ulikuwa kwa watu wengine kabisa, bila kujua uliwaingilia wapi.

Nyumbani kwangu, katika chumba tulichopanga mtaa wa Bondeni, aliishi Mbukusu. Mke wangu Nasimiyu alikuwa wa Kimilili, nami nilikaa naye Nakuru miaka sita. Hatukujaliwa mtoto. Kwa kazi yangu sikuwahi kumwuliza hata neno moja, maana sheria ya miaka mitatu ilimkataa, na yeye hakunisamehe jambo hilo.

"Jana umetembea mpaka Njoro kuuliza mwanamke wa watu chungu kinaitwaje," aliniambia jioni moja, "na mimi niko hapa na chungu kwa moto."

"Wewe umekaa huku siku nyingi. Sheria hairuhusu."

"Sheria ya nani?"

"Ya Bwana Pendse."

"Basi Bwana Pendse akupikie."

Nasimiyu alifariki wakati wa baridi, kwa homa ya mapafu, baada ya siku tano hospitalini. Serikali ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari, na kusafirisha maiti mpaka Kimilili kulitaka barua na gari, vitu ambavyo sikuvipata. Tulimzika makaburi ya Nakuru. Mama yake alifika siku ya nne baada ya mazishi. Alisimama kaburini, nami nikasimama mbali, kwa sababu kwao na kwetu pia mkwe hamkabili mama mkwe: hamshiki mkono, haketi naye chumba kimoja, halitamki jina lake. Hatukuongea. Kisha akaenda kukaa kwa kaka yake kwenye shamba la pareto kupita Molo, upande wa Sachangwan. Nilimpelekea sukari kwa mikono ya watu. Hakurudisha neno, na nilijiambia najua sababu: ananilaumu.

Nilirudi kazini wiki ya pili. Masanduku yote ya kadi, moja kwa kila lahaja, yalikuwa tayari isipokuwa la Kibukusu. Bwana Pendse alinipa pole, kisha akaniambia niende mashamba ya Molo nitafute Wabukusu waliofika karibuni, maana kamati ilikuwa inangoja.

Nilitoka na kikapu, nikafika njia panda ya stesheni, nikageuka nikaenda nyumbani.

Nilikaa kwenye kigoda cha Nasimiyu. Nilitoa kigae cha chungu nikakitazama, na nikamsikia akikitaja. Nikaandika. Nikatoa unyoya. Kwa siku nne nilikwenda hivyo, asubuhi mpaka jioni, huku ofisini wakidhani niko mashambani. Sikuwa mlevi, wala sikuwa mvivu. Nilikuwa namsikia vizuri kuliko nilivyomsikia mtu mwingine yeyote tangu mazishi, nikaona nisipoandika atapotea. Kwenye kila pembe niliandika jina lake, Nasimiyu, na mahali, Kimilili. Seremala hawezi kukosea hivi, wala dereva. Ni kosa la sisi watu wa kadi tu, kumwuliza marehemu na kumjibia.

Siku ya nne nilitoa chupa ya maji. Nikasikia, nikaandika: amazi. Kisha nikaitazama ile kadi.

Amazi ni Kimaragoli. Ni neno langu. Mbukusu husema kamechi, na karani wa mwezi mmoja anajua hivyo. Nilijaribu kumsikia Nasimiyu akisema kamechi, sikuweza. Ndipo nilipoelewa. Kama maji yalikuwa yangu kwa sauti yake, je, yale maneno mengine ambayo mimi mwenyewe sikuyajua kwa Kibukusu? Huenda sanduku zima lilikuwa mimi.

Nieleze ubaya wake, ili msidhani nilihangaika bure. Wazee wa Bukusu walikuwa tayari wamelalamika kwamba kitabu kipya kitawameza. Sanduku langu lingefika mbele ya kamati likisema kwamba Wabukusu wanaongea karibu sawa na Wamaragoli, na watoto wa Kimilili wangefundishwa kusoma kwa maneno ya nyumba ya jirani, kwa sababu yangu. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili, ningefukuzwa kazi. La tatu, ambalo moyoni lilikuwa mbele ya yote mawili, ni kwamba kadi ya uongo ilikuwa ikichomwa. Hiyo ilikuwa desturi ya ofisi. Jiko la makaa la chai lilikuwa pale pale kwenye kona. Jina lake lingeungua mbele yangu.

Nilikaa na sanduku siku mbili. Siku ya tatu niliwahi kufika, kabla ya arap Rono, nikamweleza Bwana Pendse yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kifuniko juu ya sanduku taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Wewe nakaa nyumbani siku nne."

"Ndiyo, Bwana."

"Na mimi naandika kwa kitabu wewe iko Molo." Alitazama dirishani. "Kadi gani ya uongo, kadi gani ya kweli?"

"Sijui. Hiyo ya maji tu ndiyo najua."

"Hiyo ndio mbaya. Kama wewe najua, tunatoa hizo, tunachoma, kwisha." Akagonga kifuniko kwa kidole. "Sanduku naenda Nairobi Jumatatu ya wiki ingine. Enda tafuta Mbukusu ametoka nyumbani juzi juzi. Uliza yote tena. Kama uongo ni mingi, mimi nachoma sanduku yote na kuandika Nairobi kwa nini."

"Na jina lake?"

"Jina pia, Agesa."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angefanya hivyo.

Shida ni kwamba Wabukusu wengi niliowajua kwenye mashamba yale walikuwa wamekaa miaka. Nilijua mtu mmoja tu kwa hakika aliyetoka Kimilili majuzi na kabla ya hapo hakuwahi kuishi kwingine. Nilimweleza arap Rono, kwa sababu kufikia saa nne alikuwa ameshanisoma usoni.

"Mama mkwe?" akasema. "Sasa utamwonyesha unyoya namna gani, kwa posta?" Aliponiona sicheki, akashusha sauti. "Kwetu pia iko hiyo heshima. Tafuta ukuta mzuri, ndugu yangu. Ukuta hauna mkwe."

Nilipanda gari moshi daraja la tatu mpaka Molo. Stesheni kulikuwa na askari wakikagua watu. Mmoja alimwaga kikapu changu chini, akapanga vile vitu kwa ncha ya kiatu: unyoya, kigae, jiwe, wimbi.

"Wewe mganga?"

"Hapana, afande. Karani."

"Karani wa nini?"

"Wa maneno."

Alimwita mwenzake aje asikie. Mwenzake alikuwa mtu wa Wanga. Akachukua kibuyu, nami kwa mazoea nikamtazama mdomo. Akakitaja. Niliomba ruhusa niandike. Walicheka sana wakaniacha nipite, na kadi ile ilikuwa nzuri, bado iko kwenye sanduku la Wanga.

Nilitembea kwa miguu kutoka Molo, kati ya mashamba meupe ya maua ya pareto, pumzi ikionekana kwa baridi. Kwenye laini ya wafanyakazi nilimpata Mama Petero, jirani wa mama mkwe, mwanamke mnene, msemaji, aliyekuwa amefanya kazi huko miaka mingi. Nilimweleza ninachotaka. Akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na gogo akaliweka nje, chini ya ukuta wa udongo.

"Kaa hapo, mgongo ukutani," akasema. "Yeye yuko ndani, mgongo ukutani pia. Mimi nitabeba vitu."

Kutoka ndani, karibu na sikio langu, nilisikia sauti ya mama mkwe. "Mwambie huyo mtu aseme alichokuja kufanya."

"Anasema useme ulichokuja kufanya," akasema Mama Petero, ingawa mimi nilikuwa karibu kuliko yeye.

Nikasema. Kwamba niliandika kadi kwa jina la binti yake bila yeye kuwepo. Kwamba sijui zipi ni za kweli. Kwamba zisipokuwa za kweli, zitachomwa pamoja na jina lake, na kama nyingi ni za kweli, zitabaki. Mama Petero alirudia kila sentensi.

Nilimsikia akijiweka sawa ukutani. Kisha: "Mwambie aanze."

Tukaanza. Mama Petero alichukua kitu kikapuni, akaingia nacho, mama mkwe akakitaja, nami nikaandika kwenye kadi mpya, kisha nikatazama ile ya zamani. Chungu, sawa. Unyoya, sawa. Wimbi, sawa. Ugali, sawa, busuma, si vuchima yetu. Palipotofautiana, Mama Petero alichungulia kadi, ingawa hakujua kusoma, akaniuliza nimeandika nini. Nilipomwambia, alipiga kofi. "Hiyo ni ya kwenu Maragoli. Umemwibia mtoto wa watu mdomo." Mama mkwe hakucheka, lakini hakumkataza.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba tulipofika kwenye chupa ya maji. Ikaingia ndani.

"Kamechi."

Nikaandika. Kwa sheria nilipaswa kuendelea na kitu kingine. Lakini ndani akauliza, "Na binti yangu, amemwandikiaje?"

Mama Petero alinigeukia. Nikasoma: amazi.

"Mwambie Nasimiyu hakusema hivyo. Nilimfundisha mimi kuongea."

Ndipo nilipokumbuka nilikolisikia neno lile. "Alisema, mama," nikajibu, na nikasahau kupitia kwa Mama Petero.

"Lini?"

"Siku ya mwisho, hospitalini. Aliniomba maji mara tatu. Mara zote tatu alisema hivyo."

Nilisikia watu wakigeuza maua kwenye banda la kukaushia, na mbwa akijikuna. Niliona aibu kwamba nimelileta jambo hili hapa, kwenye kadi, na nikaanza kurudisha vitu kikapuni.

"Nilipofika nikakuta kaburi," mama mkwe akasema, safari hii akiniambia mimi, "nilifikiri mtoto wangu alikufa kama mgeni. Hakuna mama, hakuna mtoto, hospitali ya watu. Nilikuwa nasema, labda aliita na hakuna aliyemwelewa. Hiyo ndiyo imekuwa inanikalia hapa kifuani." Kisha akauliza, "Ulimpa maji?"

"Nilimpa. Mara zote tatu."

"Aliyaomba kwa maneno yako."

"Ndiyo, mama."

"Basi alikuwa kwake."

Ukuta ulikuwa wa udongo na baridi, na niliuegemea kwa uzito wangu wote. Sijui kama na yeye aliuegemea upande wa pili. Kisha akaita.

"Mama Petero, mwambie aendelee. Bado nasikia vitu kwa kikapu."

Tulimaliza jioni. Kadi mpya zilihitaji jina la msemaji, nami sikuweza kulitaja wala kumwuliza. Mama Petero aliniita kando, akaninong'oneza, nikaliandika kwenye kila pembe mdomo ukiwa umefungwa. Hapa pia sitaliandika. Mkilitaka, liko kwenye kadi.

Ijumaa nilikaa na Bwana Pendse tukalinganisha, za binti kushoto, za mama kulia. Sanduku zima, kadi kumi na moja tu ndizo zilizoachana. Alihesabu tena, kisha akashusha pumzi, nikajua kwamba na yeye alikuwa ameibana.

Kadi za mama ziliingia sandukuni. Za Nasimiyu zilizofanana nazo hazikuwa na kazi tena, na Bwana Pendse aliniuliza kama ziende jikoni. Nilikubali bila uchungu, na nilijishangaa. Maneno yale yalikuwa yamerudi kwa mwenyewe, kwa jina la mama aliyemfundisha. Tulichemshia chai.

Zikabaki zile kumi na moja. Alichukua moja moja. "Hii ulisikia wapi? Siku gani?" Nane niliweza kujibu: alisema akifua, akimfukuza paka, tukigombana juu ya mwavuli. Mbili sikuweza, nikasema hivyo, zikaingia motoni. Ya mwisho ilikuwa ya maji. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia.

"Hii pia iende jikoni?" nikauliza.

"Ni uongo?"

"Aliisema."

"Alisema wapi?"

"Hapa. Nakuru."

"Lakini hapa wewe naandika Kimilili." Akachovya kalamu, akakata Kimilili kwa mstari mmoja, na kwa mwandiko wake wa stesheni akaandika Nakuru. "Hiyo tu ndio ilikuwa uongo."

Akafanya vivyo hivyo kwa zile nane. Kisha akakata kipande cha boksi kuwa kigawanyo, akakiweka nyuma kabisa ya sanduku, hakukiandika jina, na kadi tisa zikakaa nyuma yake.

"Mke yangu ni wa Varhad," akaniambia akikausha kalamu. "Mimi wa Konkan. Mwaka ya kwanza nilicheka yeye, yeye nacheka mimi. Sasa yeye nasema kama mama yangu, na mimi nasema kama baba yake. Ile karatasi kubwa ya Kimarathi ulisoma, sisi mbili hatuko ndani. Hakuna mahali yetu."

Sanduku lilipanda gari moshi Jumatatu. Kamati ilibishana kwa miaka, kisha ikaturudishia masanduku. Kitabu kilipotoka kilikuwa na Kiluhya ambacho hakuna mama anayembembelezea mtoto nacho, na Wabukusu walilalamika na Wamaragoli wakalalamika. Arap Rono alisema kwamba hiyo ndiyo haki, kila mtu apate hasara yake. Nilimwambia Bwana Pendse kwamba sasa ninaweza kumjibu lile swali lake: sisi tuko kama mlima. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, lakini karani lazima aende mwenyewe na kikapu.

Yeye ametangulia siku nyingi. Mama mkwe pia. Mpaka alipofariki nilikuwa nikienda shambani kila mwaka, nikikaa kwenye gogo langu, tukaongea mgongo kwa mgongo mambo ya mvua na ya watu wa Kimilili. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso, na sijui mtu aliyenijua vizuri zaidi.

Siku yangu ya mwisho ofisini, nyinyi mlipokuwa mnapanga mandazi, nilivuta lile sanduku la rafu ya chini. Kadi zote tisa zipo nyuma ya kigawanyo kisicho na jina. Nilitoa ile ya maji nikaitia mfukoni, niende nayo nyumbani Maragoli ninakohamia. Nilifika nayo mpaka mlangoni. Kisha nikasoma pembe yake, palipokatwa na palipoandikwa, nikarudi nikaiweka mahali pake.

Msiisafishe. Haina kosa.